Yaya Flori, Papa Amepanda Jukwaani

Yaya Flori, kaka yangu mpendwa,

Ni mimi Ndaya, mdogo wako. Namba zako zote zimenyamaza siku nyingi, na sijui unalala nyumba ipi huko Zambia. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, asome anayesoma, huenda mmoja wao akakufikishia. Tafuta kiti kwanza, ukae. Mimi mwenyewe tangu Jumamosi natembea hapa nyumbani kama mtu aliyegonga uso kwenye mlango. Nachukua sufuria, nasahau nilitaka kupika nini. Darasani wanafunzi wananiuliza swali, nawatazama tu.

Papa amepiga reggae. Papa wetu, yule mkubwa wa kanisa, wa hapa Bel-Air, Lubumbashi. Mbele ya umati, jua la utosi, gitaa la besi begani.

Najua umeacha kusoma ukacheka kwa uchungu. Unasema Ndaya amepata homa. Subiri, nitakueleza polepole, maana hata mimi nikijieleza haraka sielewi.

Unakumbuka ile redio yetu ndogo? Papa alikuwa akilala kidogo baada ya chakula cha mchana, nasi tulijifunika blanketi zito, mwezi wa kumi, joto la kuchemsha ubongo, tukaweka redio katikati yetu. Jasho lilitutiririka mpaka shuka ikalowa. Wewe uliniambia nisipumue kwa nguvu. Tulisikiliza reggae kama wezi wanaogawana kuku. Na kama besi ilipiga sana, uliibonyeza redio kifuani kwako ili mlio uingie ndani ya mwili wako usifike chumba cha pili. Mama alikuwa nje anatwanga sombe, majani ya muhogo. Sasa najiuliza kama alikuwa akitwanga kwa nguvu makusudi, ili atufiche.

Nakumbuka pia sauti yako ilipopasuka na kurudi tena, nyembamba, ya juu, safi. Ulikuwa unaoga nyuma ya nyumba, ukaanza kuimba, na Papa aliyekuwa akisoma Biblia barazani akainuka ghafla. Tulidhani anakuja kukukataza. Hakuja. Alisimama tu, ameshika nguzo, mpaka ukamaliza, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Mimi nilikuwa naye pale pale. Niliona uso wake, sikuusoma.

Na siku ile ya nywele, Yaya. Sipendi kuikumbuka lakini siwezi kuandika barua hii nikairuka. Ulikuwa umekwisha kumpita Papa kwa urefu. Alikukalisha uani baada ya ibada, akashika mkasi wa Mama wa kukatia nguo. Hukupigana. Rasta zako zilianguka moja moja kwenye udongo mwekundu, na mikono ya Papa ilikuwa inatetemeka mpaka akakukata kidogo juu ya sikio. Mimi niliona ni hasira.

Ukamwambia, "Papa, nywele ni yangu."

Akakujibu, "Mu nyumba yangu hapatakuwa muntu ya hii muziki. Chagua."

Ukachagua. Nilikufuata mpaka barabarani nikilia, ukaniambia, "Ndaya, nyamaza. Fasi yote penye kutakuwa reggae, njo penye utanipata." Ukapanda lori la kwenda Kasumbalesa, mpakani, na tangu hapo Papa hakulitaja tena jina lako, ila pale anapomwita Mama kwa jina la Mama Flori. Mama alikuwekea sahani mezani kwa muda mrefu, kisha siku moja akaacha, na hakuna aliyemwuliza.

Basi mwaka huu gari lenye vipaza sauti lilipita mtaani kwetu likitangaza tamasha la reggae, la mchana kutwa, kwenye uwanja wa wazi kule nyuma ya mtaa wa Golf, zile nyumba za kifahari zinapoishia. Wakasema wapigaji watatoka hapa Lubumbashi, Likasi, mpaka Ndola na Kitwe, kule Zambia. Niliposikia Zambia nilisimama katikati ya barabara na teksi ikanipigia honi. Nikasema moyoni, kama Yaya yuko hai, atakuja, maana aliniambia nitampata penye reggae.

Jioni hiyo, tukiwa mezani, niliwaambia wazi kwamba nitakwenda. Papa alikuwa na tonge la bukari mkononi. Aliliweka chini, akanawa, akaenda chumbani. Mama akaniangalia kama vile nimevunja kitu.

Lakini Mama hakunikataza. Wiki nzima alinisaidia kujiandaa bila kusema tunajiandaa kwa ajili ya nini. Joto la mwaka huu, Yaya, usiulize. Mvua imechelewa, vumbi limepaka kila kitu rangi ya kutu, ardhi inachoma kupita kandambili. Umeme unakatika kabla maji ya friji hayajapoa. Nilipeleka chupa zangu kwa jirani mwenye jenereta ili zigande. Nilishona kofia pana kutoka kwenye kikwembe, kitenge cha zamani cha Mama, yeye akanionyesha namna ya kukaza ukingo usianguke machoni. Tulipika munkoyo wa kunywa, wa mahindi, tukauacha upoe kwenye beseni la maji. Tulikaanga karanga.

Mama akasema, "Weka chumvi mingi. Muntu akitoka jasho siku muzima bila chumvi, anaanguka." Kisha, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Picha yake uko nayo?"

Nilikuwa nayo. Ile uliyopigwa ukiwa umeegemea ukuta wa shule, umekunja mikono. Nilitaka kuionyesha kwa kila mtu atakayetoka Zambia.

Ijumaa mchana, nikiwa najaza maji kwenye bidoni, gari kuukuu lilisimama mbele ya lango. Akashuka mzee mrefu, mwembamba, amevaa kofia ya kufuma, na kutoka chini ya kofia rasta nyeupe zimemfika kiunoni. Nilidhani amekuja kuuliza njia.

"Hodi! Hapa njo kwa Kabanga?"

"Njo hapa, papa. Karibu."

"Kabanga ya besi. Umwambie ni Lambert ya ngoma, ya Kipushi."

Nilicheka, Yaya. Nilicheka kabisa. "Papa, mulipoteza njia. Kabanga wa hapa ni mukubwa wa kanisa. Hajuwi hata kushika gitaa."

Hakucheka. "Weye ni mutoto wake? Habakukuambia kintu?"

Kabla sijajibu Mama akatokea na beseni la nguo zilizofuliwa. Alipomwona yule mzee, beseni likamtoka mikononi na nguo zote safi zikaingia kwenye vumbi. Hakuinama kuziokota.

"Lambert? Bado uko muzima?"

"Niko muzima, Marie. Na weye hauzeeke."

Marie! Nani humwita mama yetu Marie? Hata Papa humwita Mama Flori. Nilikuwa bado nimeshika kile kibidoni, maji yanamwagika miguuni mwangu, ndipo Papa akatoka amevaa fulana tu, kwa sababu ya joto, na miwani imepanda kwenye paji la uso. Akamwona mgeni. Wakatazamana.

"Ulizeeka mubaya," Papa akasema.

"Na weye ulinyoa mubaya," yule mzee akajibu.

Papa akaweka mkono ukutani. Nilifikiri ni presha. Nikakimbia kumshika, na nilipomfikia nikaona analia. Yaya, baba yetu hakulia alipozikwa bibi, mama yake, hakulia ulipoondoka. Alilia kama mtoto mdogo, mdomo wazi, bila kujificha. Na yule Lambert akamkumbatia, rasta nyeupe zikamfunika Papa bega zima. Mimi nilibaki nimesimama hapo. Sikujua niweke wapi macho.

Tukakaa barazani, na wakaanza kusema. Kwanza alisema Lambert. Zamani, kabla hatujazaliwa, walikuwa vijana wa Kipushi, wanafanya kazi mgodini juma zima na kupiga muziki Jumapili. Lambert kwenye ngoma, Papa kwenye besi. Mwimbaji alikuwa Mbuyi, pacha wa Papa. Wote walikuwa na rasta. Mama alikuwa mmoja wa wasichana waliosimama mbele kabisa.

Wewe na mimi tuliambiwa nini juu ya Mbuyi? Tuliambiwa alikufa kwa surua, angali mtoto. Kila mtu akisikia jina Kabanga, ambalo kwetu hupewa pacha wa pili, anajua kuna mwenzake, kwa hiyo hawakuweza kumficha kabisa, wakamfanya mtoto mchanga. Na Kipushi iko hapa tu, karibu hivi, na hatukuwahi kupelekwa hata siku moja. Hatukuwahi kujiuliza.

"Sema weye mwenyewe sasa," Lambert akamwambia Papa. "Hii siwezi kuisema."

Papa aliongea akitazama sakafu.

"Ilikuwa mwezi kama huu. Joto ilikuwa ya kuua. Tulikuwa tunapiga ku inje, mu kiwanja. Mawingu ikakuya, na bantu bakafurahi, juu upepo ilianza kupoza. Hakuna muntu alitaka kwenda ku nyumba. Miye nikaona kiu. Nikaweka besi chini, nikashuka kunywa maji. Mbuyi akaendelea kuimba. Kikombe kilikuwa ku mudomo yangu, Ndaya. Nikaona mwangaza, mweupe, mu macho yote mbili. Kisha sikusikia tena kintu. Nikageuka. Mbuyi alikuwa chini."

Radi. Ilimpiga yeye peke yake.

Mama ndiye aliyemalizia, na sauti yake ilikuwa kavu, sauti ya mtu aliyebeba maneno hayo mdomoni miaka mingi. "Ku matanga njo balianza kusema. Juu ya nini pacha moja ashuke, na ingine abakie? Alijua nini? Balisema alimuuza ndugu yake kwa radi. Balitupa mawe ku nyumba. Hata mama yake mwenyewe hakumupatia tena mukono. Tukatoka Kipushi na nguo za mu mwili tu. Akanyoa. Akaingia mu kanisa. Akaniapisha, hapana kusema kwa batoto."

Yaya, unajua nilivyohisi? Kama vile nimeishi nyumba moja na watu wawili nisiowajua, waliovaa nguo za wazazi wangu. Bibi aliyekuwa akija kwetu na hataki kuketi meza moja na Papa. Papa anayefunga madirisha na kuzima kila kitu wingu likionekana tu. Zile Jumapili zote za kwaya. Yote niliyaona kwa macho yangu na sikuona kitu.

Halafu nikakukumbuka wewe, na huruma yangu yote ikageuka.

"Na Yaya Flori?" nikasema. "Yeye alikukosea nini?"

Papa akavua miwani. "Ile jina Floribert, unafikiri ilitoka wapi? Mbuyi alibatizwa Floribert. Nilisema nitamurudisha mu nyumba kwa jina. Kisha mutoto akaanza kuimba, na sauti ilikuwa ya Mbuyi. Nikasema, haizuru, ataimba mu kanisa. Kisha akaachilia nywele. Siku moja alisimama ku mulango, jua iko nyuma yake, na miye nikaona marehemu anaingia. Niliogopa, Ndaya. Niliona kama ile radi inajua jina."

"Ungemuambia! Ungemuambia hivi tu, vile unaniambia leo!"

"Ndiyo."

"Ulimufukuza juu ya woga?"

"Ndiyo."

Hilo "ndiyo" la pili lilinichoma kuliko kama angenipiga kofi. Nilisimama. Nikamwambia baba yangu maneno ambayo sikuwahi kufikiri yatatoka kinywani mwangu. Nikamwambia, "Radi haikumuchukua Yaya. Ni weye ulimuchukua."

Mama akapiga kelele, "Ndaya!"

Papa akainua mkono. "Mumuache. Ni kweli."

Nikatoka. Nilitembea juani bila kofia, bila kujua naenda wapi, nikazunguka Bel-Air yote, watu wananisalimu siwajibu. Kichwa kilianza kuniuma. Niliporudi, gari la Lambert lilikuwa halipo tena, na Papa alikuwa ameketi langoni ananingoja. Alikuwa na kikombe cha maji.

"Kunywa. Jua ni kali."

Nikanywa. Sikumtazama.

"Kesho unaenda kule kumutafuta?"

"Ndiyo."

"Basi twende wote. Lambert atapiga kule, na anasema bawili tu njo bamebakia ya ile bendi yetu, ile orchestre. Besi hakuna. Aliniachia gitaa mu chumba."

Jumamosi asubuhi niliamshwa na mlio ambao sikuwahi kuusikia katika nyumba hii. Papa alikuwa uani, amevaa shati lake jeupe la kanisa, ameunganisha gitaa na kipaza sauti kidogo kwenye jenereta ya jirani, anatafuta wimbo. Vidole vilikuwa vigumu. Alikosea, akaanza upya, akakosea pale pale. Ngozi ya kidole cha shahada ilichubuka, akakifunga kitambaa, akaendelea. Majirani walijaa kwenye ua. Mama mmoja wa kwaya alikuja na Biblia yake mkononi, nadhani alidhani kuna msiba.

"Mama Flori," akauliza kwa sauti ya chini, "mukubwa iko sawa?"

"Iko sawa kuliko wakati yote," Mama akamjibu. "Ingia, ukae, ao funga lango, vumbi inaingia."

Huyo ni mama yetu! Kisha akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa kikwembe cha njano ambacho sijawahi kukiona, kichwani amejifunga kilemba cha kijani. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akanijibu kwamba yeye alimpenda Kabanga akiwa na nywele mpaka mgongoni, na kama Kabanga anarudi huko, hatamwacha aende peke yake kwa wasichana. Papa akainamisha uso kwenye gitaa. Nilimwona anatabasamu, na nilikasirika kwa sababu nami nilitaka kutabasamu.

Tukapakia chupa zilizoganda, munkoyo, karanga, mwavuli, mikeka. Nilimpa Papa kofia niliyojishonea. Ilimkaa vizuri kuliko mimi.

Uwanja ulikuwa hauna hata mti, Yaya. Jua lilishuka moja kwa moja juu ya vichwa. Watu walimwagiana maji, wakafunga vitambaa vilivyolowa shingoni, wakacheza hivyo hivyo, vumbi jekundu limewafika magotini. Mimi nilizunguka na picha yako. Kila kijana mrefu niliyemwona kwa nyuma alinisimamisha moyo. Niliwashika watu bega, wakageuka, wakawa watu wengine. Wapigaji wa Kitwe walipanda, nikasukuma mpaka mbele kabisa. Hukuwepo.

Nilikuwa bado nawauliza wale wa Kitwe mmoja mmoja niliposikia Lambert anaitwa. Nikageuka, na pale juu alikuwa baba yetu, shati limeganda mgongoni kwa jasho, anatazama mbingu. Hapakuwa na wingu hata moja. Alitazama tena, kana kwamba hayaamini macho yake. Lambert akagonga vijiti, wakaanza.

Mwanzoni alipotea. Nilifumba macho kwa aibu. Lambert akapiga kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemshika mwenzake mkono gizani, na Papa akaipata njia. Halafu, Yaya, sijui nikuandikie vipi. Besi iliingia ardhini ikapanda miguuni mwetu. Papa alifumba macho, kichwa kinakwenda polepole, mbele, nyuma, na mtu niliyemjua akaondoka usoni mwake kabisa. Mama kando yangu alikuwa anacheza. Machozi yanamtoka na anacheza.

Hakukuwa na mwimbaji. Pale sauti ilipotakiwa kuingia, waliacha nafasi tupu, wakapiga tu.

Wimbo ulipoisha, Papa akasogea kwenye maikrofoni.

"Miye ni Kabanga, ndugu ya Mbuyi. Benye balikuwaka Kipushi, munanijua, na munajua vile balisema. Sikuuza ndugu yangu. Nilikuwa na kiu." Akavua kofia. "Lakini mutoto wangu, huyo nilimufukuza miye. Jina ni Floribert. Alienda ku Zambia. Kama kuna muntu anamujua, amuambie baba yake alikosa, na anamutafuta."

Kisha akashuka, akiangalia ngazi kwa makini, mzee jinsi alivyo.

Tulikuwa tunammwagia maji kichwani pale nyuma ya jukwaa wakati mwanamume mmoja mnene alipotufuata. Alisema yeye ni dereva wa malori ya shaba, anapita Kasumbalesa kila mara. Akaomba kuona picha. Akaitazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu namujua. Amenenepa kidogo, lakini ni yeye. Iko Kitwe."

Mama akanishika mkono, kucha zake zikaniingia.

"Anapiga na orchestre gani?" nikauliza.

"Orchestre?" Yule dereva akashangaa. "Hapana. Anaimba mu kanisa. Ni yeye njo anaongoza kwaya. Nilimusindikiza rafiki yangu siku moja ya Mungu, bantu balijaa mpaka inje juu ya kusikia hiyo kwaya."

Niliuliza kanisa gani. Hakukumbuka, lilikuwa mtaa wa rafiki yake, na huyo rafiki amehama. Papa ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi nisingeliwaza.

"Anaimba sauti gani?"

"Ya juu, papa. Ile yenye akianza, hata batoto banaacha kulia."

Papa akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kanisa. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikapiga magoti nikidhani ni jua limempiga, kumbe anacheka. Yaya, nilikuwa sijui baba yetu anacheka namna gani. Anacheka bila sauti kwanza, halafu inatoka yote pamoja. "Marie," akasema, "miye niko huku na barasta, na yeye iko kule na kwaya!" Mama naye akaanguka kando yake, na watu wakatuzunguka wakidhani tumeugua.

Hiyo ndiyo habari yangu. Leo ni siku ya tano na bado sijairudisha akili mahali pake. Mama mmoja wa kwaya amemtetea Papa kanisani, wengine wanataka aitwe ajieleze. Amesema ataenda, na atajieleza. Kutoka Kipushi wamekuja watu wawili wazee, wakaketi barazani, wakaondoka bila kusema walilojia, lakini walimpa mkono.

Mimi bado namkasirikia. Nataka ulijue hilo. Nampenda, namhurumia, na asubuhi nikimpelekea chai nakumbuka miaka yako yote ya mbali na naiweka mbele yake nikaondoka. Sikuandikii ili umsamehe. Hilo ni lako, utaamua mwenyewe, na ukiamua kinyume sitakulaumu. Nakuandikia kwa sababu ulifukuzwa bila kuambiwa kwa nini, na sasa sababu iko, na ilikuwa haki yako kuijua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Papa ametafuta karatasi za kuvuka mpaka, na mimi nitakwenda naye. Kitwe ina makanisa mengi, na hatujui mtaa. Tutaanza na moja, Jumapili inayofuata tutaingia lingine.

Kwa hiyo, ukiwa mbele ya kwaya yako, ukainua macho ukaona mzee mwembamba ameketi nyuma kabisa, shati limelowa jasho la safari, na mimi kando yake, usishtuke kama sisi tulivyoshtuka. Usishuke, usikatize wimbo. Imba mpaka mwisho. Papa anasema baada ya ibada atasubiri nje, upande wa mlango mkubwa, na kama hutaki kumwona, upite mlango mwingine, hatakufuata. Anasema anataka kusikia tu.

Nakukumbatia, wewe na wote walio nyumbani kwako, kama wapo.

Mdogo wako wa kike,
Ndaya